Chumvi Chini ya Buluu

Rehema,

Umekwenda kusukwa, na kwa kuwa rasta unazozitaka ni zile nyembamba, nina mchana mzima. Msusi wako akishaanza kusimulia habari za mji wa Garsen vidole vyake hupunguza mwendo, na leo najua atataka kukuaga kwa hadithi zote alizobakisha. Mambo ya safari tumeyamaliza. Vyeti viko kwenye bahasha, chandarua umekikataa, simu ya shangazi yako wa Mombasa umeiandika mahali pawili. Sitayarudia hapa. Naandika kwa sababu jana nilinyamaza.

Jana ulikuwa umepiga magoti sebuleni ukizifunga mbao zako nne za picha kwa magunia. Nilipokupa begi niliona mkebe wa rangi ya buluu, mpya, bado una vumbi la dukani. Nikakuuliza ni wa nini. Ukatoa simu ukanisomea ujumbe kutoka kile chuo cha sanaa unakokwenda. Kazi zako zimewapendeza, walisema, ila kwa kuwa umeandika kwamba zinahusu bahari, jopo lingefurahi kuona bahari inayotambulika zaidi, kabla ya kuamua nani apewe nafasi ya mwaka mmoja kwenye studio yao. "Inayotambulika," ukarudia, ukacheka.

"Kwa hiyo utafanya nini?"

"Mum, ni buluu kidogo tu, kwa juu. Nikishaingia nitabandua."

Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Uliniita ukauliza kama nimekasirika, nikasema hapana. Huo ulikuwa uongo. Nina hasira, Rehema, na nataka uijue yote kabla hujafikiri kwamba ni yako.

Shamba la Nyanya yako kule Kau unalikumbuka kama mgeni wa likizo. Unajua ndizi zake na mbu wake na ule mtumbwi unaovuja upande wa kushoto. Lakini ulikuwa ukirudi shule kabla ya siku za kuingiza maji kwenye mpunga, kwa hiyo acha nikueleze jinsi inavyokuwa. Siku za bamvua, bahari ikijaa kabisa, huusukuma mto urudi nyuma. Maji ya mto hayana pa kwenda, basi hupanda. Maji matamu hutangulia, na ya chumvi huyafuata kwa chini. Mkulima hukata tuta mahali pamoja, mto uingie shambani wenyewe, bila pampu wala mashine. Kisha husimama pale kwenye mlango wa maji na jembe mkononi, na kila baada ya muda mfupi huchota kwa kiganja akaonja. Yakiwa matamu, anayaacha yaingie. Ulimi ukishika chumvi, anaziba mara moja. Kazi yote ya msimu iko kwenye ulimi wa mtu mmoja.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyanya yako alikuwa na jino bovu, shavu limevimba mpaka jicho limefumba, na mtu alikuwa amempa karafuu ajaze kwenye pengo. Mdomo wake wote ulikufa ganzi. Hakuweza kutofautisha maji na chai. Akaniambia, "Leo wewe ndiwe ulimi wangu," akaenda kulala kwenye kile kibanda cha kulindia ndege.

Nilikata tuta vizuri. Nilionja mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwa sababu siku zote nilikuwa nyuma ya mama na hapa nilikuwa mbele. Kwenye mto kulikuwa na mstari. Upande mmoja maji yalikuwa mekundu mazito, upande wa pili yalikuwa ya kijivu, na katikati palikuwa na povu jembamba na vijiti na maua ya magugu yakienda kwa foleni. Mstari ule ulikuwa ukijikunja na kujinyoosha. Nilichukua kijiti nikaanza kuuchora kwenye tope la tuta. Ukisogea, naufuta, nauchora upya. Nilitaka kujua utapita wapi kabla haujapita. Sikumbuki kitu kingine chochote cha mchana ule isipokuwa furaha. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mtu. Nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote nyingine ya utoto wangu.

Nilipokumbuka kuonja, chumvi ilikuwa imefika magotini mwangu.

Tuliziba. Mama alikuja mbio, shavu limevimba, akaziba kwa mikono. Lakini maji yakishaingia yameingia. Mpunga ulikaa kijani siku chache kama vile haukuambiwa, kisha ukaanza kuungua kwenye ncha. Maji yalipokauka, tope lilipasuka, na chumvi ikapanda juu ikajipanga kwenye nyufa, nyeupe, mistari kwa mistari, shamba zima. Mama aliniita. Alikuwa amechuchumaa ukingoni. Nilijua atanipiga na nilitaka anipige.

"Njoo uone ulichokichora," akasema.

Basi. Hakuongeza neno, siku ile wala baadaye. Tulikula ndizi na kambare mwaka mzima na hakuna aliyenitajia mchele. Nimesoma chuo kikuu, nimekaa mbele ya maprofesa wakieleza picha za dhahania kwa saa tatu mfululizo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifundisha zaidi ya mwanamke yule mwenye jino bovu kwa maneno matatu.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, na ulipoacha kunyonya nikakuacha kwa Nyanya nikaenda kusoma sanaa. Hilo unalijua, na umeniuliza juu yake kwa upole kuliko ninavyostahili. Usilolijua ni nilichokuwa nikikifanya kule. Nilikuwa nikichora vizuri vitu ambavyo sikuvijali: matunda kwenye bakuli, mikono, wazee wenye mikunjo. Niliporudi na kupata kazi ya kufundisha hapa Garsen, siku moja nilikwenda Kau nikajaza gunia tope la shamba lile lile. Nililichuja kwa leso kuukuu ya Nyanya yako, nikalichanganya na gundi ya mbao, nikalipaka kwa kiganja kwenye ubao wa plaiwudi mkubwa kuliko mlango. Kisha nikachemsha maji ya bahari kutoka Kipini mpaka yakawa mazito, nikayamimina kwa juu na kuinua ubao upande mmoja, halafu mwingine. Nikauacha juani. Chumvi sikuichora, iliota yenyewe ilipotaka, na mimi nilikuwa tu nikiinamisha na kusubiri. Baada ya siku tano palikuwa na kitu pale. Hapakuwa na mti wala chombo wala jua linalozama. Palikuwa na bahari, jinsi inavyofika kwetu.

Nyanya yako alikuja mjini kwa ajili ya macho yake na akakuta ubao ule umeegemezwa barazani. Alisimama mbele yake na mkoba wake bado begani. Nilikuwa nyuma yake nikijiandaa kumweleza, maana walinifundisha kwamba watu wa kawaida huhitaji kuelezwa.

"Maji yaliingilia wapi hapa?" akauliza.

"Ni picha, mama."

"Najua ni picha. Sijawa kipofu bado, ndiyo maana naenda kwa daktari. Nauliza yaliingilia wapi, huku au huku?"

Nikamwonyesha pembe ya kushoto.

"Uongo. Yangeingilia huko, hii nyeupe ingelala kwa chini. Haya yaliingilia huku, na mlango ulikuwa mpana mno. Nani alikata tuta hivi? Mlevi?"

Nilitazama tena. Alisema kweli. Nilikuwa nimeinamisha upande mmoja na nikasahau, mkono wangu ukakumbuka mengine. Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona likifanyika kwenye jumba lolote la maonyesho. Alilamba kidole, akakipitisha kwenye mstari mweupe, akakitia mdomoni.

"Ni letu," akasema. Akavua mkoba, akaomba chai.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba picha ile ilitambulika. Neno lao hilo hilo. Ilitambulika mara moja, na mtu asiyejua kuandika jina lake, na akaikosoa, na akawa sahihi. Sasa acha nikuambie nilichoifanyia.

Kulikuwa na onyesho la picha za bahari katika mji mmoja wa watalii huku Pwani. Bwana aliyesimamia jumba lile alikuwa mpole, wa mashati ya kitani na salamu ndefu, na naomba uelewe kwamba upole wake ndio ulionimaliza, kwa sababu mtu mkali ningemkatalia. Alizunguka ubao wangu mara mbili mikono nyuma.

"Ni nzuri sana, mwalimu. Kama ardhi, ni nzuri sana. Lakini onyesho letu ni la bahari."

"Hii ni bahari."

"Wapi?"

"Yote."

Akacheka, si kwa dharau. "Nyinyi wa Tana River mna mto wenu. Bahari tuachieni sisi." Wenzake wawili wakacheka pia, na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa mgeni na walikuwa wameniletea soda. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekusaidia, "Weka buluu. Kidogo tu, kwa juu."

Sasa umesikia kwa nini nilikwenda kuosha sufuria.

Waliniletea mikebe. Niliipaka nyuma ya jumba, karibu na matangi ya maji. Mkono wa kwanza wa rangi chumvi ilichungulia, nikapaka wa pili, nikapaka wa tatu. Mimi niliyesomea kazi hii nilijiambia ni mazungumzo kati ya tabaka. Nilikuwa na msamiati wa kutosha kujidanganya. Hiyo ni faida moja ya elimu ambayo hawaiandiki kwenye cheti. Jina nililokuwa nimeipa lilikuwa "Maji Yaliyoingia". Nilipofika siku ya ufunguzi nilikuta kibandiko ukutani: "Utulivu".

Shamba lililokufa, Rehema. Mwaka mzima wa ndizi na kambare, shavu la mama yangu, furaha yangu na aibu yangu. Utulivu.

Alikuja bibi mmoja mgeni, mkarimu wa uso, akasimama mbele yake akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kwa pua. "Naona amani," akaniambia. "Unatoka karibu na bahari?"

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilisema, "Ahsante."

Nimewahi kukosea makubwa zaidi, na baadhi unayajua kwa kuwa uliyaishi wewe. Lakini nikiamka ghafla ni lile "ahsante" ninaloamkia. Bibi yule aliinunua picha siku ile ile na kila mtu alinipongeza. Nilipokwenda Kau nilimwonyesha Nyanya kwenye simu. Aliishika simu mbali, akaileta karibu.

"Hii nini?"

"Ni ile ile, mama."

"Ile gani? Huu si ukuta wa zahanati?"

Nikamwambia wameipenda, imenunuliwa. Akanirudishia simu. Akasema vizuri, mwanangu, na akaendelea kupepeta mchele, na sauti yake ilikuwa ya adabu, kama anavyozungumza na watu wa serikali.

Miezi mingi baadaye yule bwana alinipigia. "Mwalimu, habari za siku. Samahani, picha yako inatoa upele." Nikafikiri sijamsikia. "Upele. Rangi imefanya malengelenge. Mama wa watu anasema asubuhi akiamka anakuta unga mweupe kwenye zulia. Wewe ulitumia nini kwa chini?" Ilikuwa chumvi. Hewa ya Pwani ina unyevu, na chumvi ikinyweshwa huamka, na ikiamka hutafuta njia ya juu. Ilikuwa ikiisukuma ile buluu kidogo kidogo, mikono yote mitatu ya rangi, ndani ya nyumba ya mtu, bila kuomba ruhusa yangu.

Na mimi nilifanya nini? Ningekuwa mtu, ningecheka. Ningewaambia iacheni, iko kazini. Niliomba radhi. Nilisema ni kosa la kiufundi. Niliichukua kwa lori la maembe, nikaileta hapa ikiwa imefunikwa shuka kama maiti, na sikumwonyesha yeyote. Nikaigeuza uso ukutani.

Unaijua picha hiyo. Unaijua mgongo wake. Ni ule ubao mkubwa jikoni nyuma ya kabati la vyombo, unaochomoza pembeni, wenye alama za penseli za urefu wako tangu darasa la kwanza. Ulikuwa ukisimama kwake na kitabu kichwani nikikupima, na kila mwaka nilichora mstari upande huu nikijua ni nini kiko upande ule.

Nimefika sasa kwenye sehemu niliyokuwa nikiikwepa. Nimeandika na kufuta mara mbili, na pilau ya kukuagia imekaribia kuungua.

Ulikuwa darasa la nne. Mwalimu wenu aliwaambia mchore bahari. Likizo ile tulikuwa tumekwenda Kipini, na ulikuwa umesimama pale mto unapomwagika, ukaniuliza mbona bahari ina rangi ya chai ya maziwa, nikakuambia ni tope letu, ni mashamba ya watu wote tangu mlimani yanapita. Ulifurahi sana kwa hilo. Ulichora bahari ya kahawia, karatasi nzima, hakuna kingine. Mwalimu akakuwekea alama ya mkasi nyekundu kutoka pembe hadi pembe. Ulikuja na daftari mpaka mezani kwangu, hukulia. Ulikuwa umekasirika, miguu imekanyaga sakafu kama askari.

"Mum, si bahari ya Kipini iko hivi?"

"Iko hivyo."

"Sasa si umwambie?"

Nilikuwa na daftari hamsini za kusahihisha. Mwalimu yule alikuwa jirani. Na nilikuwa mimi, Rehema, nilikuwa mtu wa "ahsante". Nilikuambia, "Wewe unajua na mimi najua. Yeye anataka buluu. Mpakie buluu upate alama zako." Nikafungua droo nikakupa kreyoni yangu mwenyewe.

Ulinitazama. Kisha ukakaa chini ukaipaka, kwa bidii, ukigandamiza mpaka kreyoni ikakatika. Ukapata tisa kwa kumi. Nikakubandikia jokofuni.

Kwa hiyo mkebe ulio kwenye begi lako haukutoka dukani jana. Nilikupa mimi, miaka minane iliyopita, na nilikupa pamoja na maelezo ya jinsi ya kuutumia. Ulipocheka jana na kusema utabandua baadaye, nilisikia sauti yangu katika mdomo wako, nyepesi kabisa, bila hata ile aibu iliyokuwa ikinizuia kidogo. Hasira yangu ilizunguka nyumba nzima ikitafuta pa kukaa, ikapita kwa jopo, ikapita kwa bwana wa mashati ya kitani, ikarudi ikakaa kwangu.

Haijawaacha wao pia, usidhani nimekuwa mtakatifu. Nawakasirikia watu wanaotuuliza bahari yetu iko wapi huku wakiwa wamesimama ndani yake. Nakasirikia zile picha za vitabu vya watalii ambamo maji ni buluu kama sabuni na hakuna mtu isipokuwa mtu wa kubeba sahani. Kila mwaka mto unatufikia ukiwa mwembamba zaidi kwa sababu umezuiwa kwa mabwawa huko juu kwa ajili ya taa za watu wengine, na bahari inapanda kuchukua nafasi iliyoachwa. Msimu uliopita Nyanya yako alisimama kwenye tuta siku tatu za bamvua, akaonja asubuhi, akaonja mchana, na hakupata maji matamu hata kiganja kimoja. Hakukata tuta kabisa. Alifunga jembe lake kwa kamba akaliweka darini. Aliponisimulia kwenye simu alikuwa akitania, eti ulimi wake sasa unaweza kuajiriwa kiwanda cha chumvi. Mbao zako nne zinasema jambo hilo. Sijui kama ulikusudia, lakini zinasema. Ile ya tatu, yenye ukanda mweupe unaopanda na kuacha kona moja tu ya tope jekundu, niliitazama ukiwa bafuni mpaka nikasikia maji yakifungwa. Wanataka uifanye itambulike. Nani asiyeitambua? Aje Kau tumpe kidogo aonje.

Nisikilize hapa, kwa sababu najua unavyosoma haraka. Sikuambii ukatae. Ningekuwa na haki gani? Najua nafasi ile ni nini kwako. Ni mwaka mzima wa chumba chenye mwanga, na watu wa kubishana nao wanaojua unachobishania, na mbali na macho yangu, ambayo najua ni mazito. Wakikunyima utarudi hapa na utafanya kazi kwenye duka la simu mpaka upate njia nyingine, na mimi nimekusukuma uende tangu ulipoanza kushika brashi kwa mkono wa kushoto. Nikikuambia shikilia ulichonacho, wewe ndiye utakayelipia ushujaa ambao mimi sikuwa nao. Hilo nalo ni aina ya wizi, na wazazi huufanya kila siku huku wakijipongeza.

Na huenda wewe una nguvu kuliko mimi. Huenda ukapaka leo ukabandua kesho na usiache kitu kwenye mbao. Mimi sikuweza. Nilipopaka buluu ile sikushika tena tope kwa miaka minne. Nilidhani nimeficha picha moja, kumbe mkono ndio ulioelewa vingine. Kila nilipotaka kuanza kitu, mkono huo uliniuliza kwanza watasema nini, na hapo huwezi kuanza, unaweza kumaliza tu. Niliyaita uchovu, niliyaita kazi ya shule, niliyaita wewe. Naam, nilikusingizia hata wewe. Ulikuwa na miaka sita, saba, na nilijiambia siwezi kuchora kwa sababu nina mtoto wa kulea. Hukuwa na kosa lolote. Ulikuwa ukilala saa mbili usiku.

Wakikuuliza ana kwa ana bahari iko wapi, natamani jambo moja tu, kwamba usicheke nao. Kila kitu kingine kilichofuata kwangu kilipita kwenye kicheko kile. Ningekaa kimya sekunde tano zaidi, nadhani ningemwambia.

Ukirudi kwa sababu wamekunyima, nitakuja stendi mwenyewe, sitatuma bodaboda, na sitakuuliza kitu mpaka ule. Ukirudi kwa sababu wamekupa, vivyo hivyo. Nyanya anasema ukipita Kau uje na tumbaku, na kwamba wewe, mke mwenzake, usimsahau ukishakuwa mtu wa mjini. Nimemwambia huna muda wa kupita. Amesema basi atakusubiri, hana safari.

Sasa nikuambie nilichofanya mchana huu kabla ya kukaa kuandika. Nilisogeza kabati la vyombo peke yangu, ndiyo maana utakuta vikombe viwili vimevunjika, na kimoja ni kile chako cha twiga, samahani. Niliutoa ule ubao. Sikuwa nimeuona uso wake miaka yote hii. Nilidhani nitakuta buluu.

Imebaki pembe moja ya juu, na kipande kama kiganja katikati. Iliyobaki yote iko sakafuni nyuma ya kabati, magamba na vumbi, nimeifagia ikajaa koleo. Tope liko pale. Nyufa ziko pale. Na chumvi imejipanga upya, tofauti na nilivyoiacha, imetafuta njia nyingine kupita, na imefika mahali ambapo mimi nisingethubutu kuimwaga. Ni picha bora kuliko niliyoichora. Maji yameingilia upande ule aliosema Nyanya.

Nimeiegemeza sebuleni, inatazama mlango. Utaiona kabla hujaiona barua hii, na nywele zako zitakuwa zinakuuma kichwa na utataka kuniuliza kwa nini nimevuruga nyumba siku ya mwisho. Mimi nitakuwa jikoni. Mkebe wako uko pale pale kwenye begi, chini ya taulo. Sikuugusa, ingawa mikono iliniwasha.

Kabla hujaniita, nenda karibu na ubao. Lamba kidole, ukipitishe kwenye mstari mweupe, uonje. Halafu njoo jikoni uniambie, mbele ya sufuria zangu, utapaka au hutapaka. Lolote utakalosema nitakusaidia kufunga magunia.

Mama yako